Kuzunguka Ngezi mpaka Ras Kigomasha kwa miguu: uliza mwezi kwanza, saa baadae

Ukitaja kupanda milima watu akili zinakwenda Kilimanjaro au Usambara huko bara, Pemba haimjii mtu kichwani, na ni kweli kwetu mlima wa kuitwa mlima hakuna, mahala pa juu kabisa hapazidi mita 120 hivi. Lakini alietembea Pemba kwa miguu anaijua hii shughuli, kisiwa ni kilima bonde kilima bonde, hujamaliza kushuka ushaanza kupanda, na kila bonde lina maji yake chini. Kwa hiyo mtu anaechoka Pemba hachoshwi na urefu wa kilima, anachoshwa na utelezi, maji na kupanda kulikokatikakatika, na nimeona vijana wenye mapaja mazuri tu ya mpira wanakaa chini saa 6 mchana wanatafuta boda.

Mzunguko ninaoupenda mimi ni huu: unatoka Konde, kaskazini ya Pemba, unashuka mabondeni mpaka geti la msitu wa Ngezi, unaukata msitu, unatokea Vumawimbi upande wa mashariki, unafuata pwani kwenda kaskazini mpaka mnara wa taa Ras Kigomasha, unageuka kushuka upande wa magharibi kwa Verani na Panga ya Watoro, unaingia Makangale alafu unarudi kwa barabara ya msituni. Ni zaidi ya kilomita 20, kutwa nzima. Nimeuzunguka mara nne, mbili na rafiki zangu, moja na mdogo wangu, moja na wageni wa kutoka Unguja, na naandika hivi mana kila mtu ananiuliza kwa simu na maelezo ya simu hayatoshi.

1. Mwezi wa ngapi leo?

Hili ndo la kwanza kabla hujanunua hata maji. Safari hii inapangwa na mwezi wa angani, yani siku zake tangu kuandama, sio mwezi wa kalenda. Sehemu kubwa unatembea pwani na sehemu nyengine unapita penye mikoko, na kama maji yamejaa hakuna njia, kuna kichaka na jiwe tu.

Unachotaka ni bamvua, siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa (kurudi baharini) sana. Huku kwetu bamvua lina saa zake, mwezi ukiwa mchanga au umejaa, maji hupwa kama saa 4 au 5 asubuhi na kujaa saa 10 jioni, alafu kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo chagua mwezi 14, 15 au 16, au mwezi ukiandama zile siku mbili tatu za mwanzo. Ukienda wakati wa maji mafu, mwezi 7 au 8 au 22 hivi, mambo yanageuka, asubuhi saa 4 ndo maji yamejaa, na hata yakipwa hayendi mbali, utatembea kwenye mchanga laini wa juu mguu unazama kila hatua na kufika mnarani jua limeshakuchoma.

Na uelewe maji yanavorudi. Hayaji sawasawa. Saa ya kwanza baada ya kupwa huoni kitu, unasema bado, saa ya pili yanasogea kidogo, zile saa mbili za kati ndo nusu ya maji yote yanaingia. Bamvua kubwa baina ya kupwa na kujaa ni karibu mita 4, bas piga hesabu, mita 2 za maji ndani ya saa mbili. Mtu mzima hana urefu huo.

Hili nimejifunza kwa mwili wangu. Miaka ya nyuma nilivuka hori moja (mkono wa bahari ulioingia bara) upande wa magharibi, sio njia hii, nilivuka maji ya kifundoni nikaenda kutazama ng'ambo nikakaa kula nikapiga picha, kurudi maji kifuani na yanavuta. Nikakaa kwenye mizizi ya mkoko nimebeba begi kichwani zaidi ya saa nzima mpaka akapita ami mmoja na mtumbwi, akanichukua bila neno. Tulipofika ng'ambo ndo akaniuliza, kwani mwanangu hukuuliza mwezi? Nikamwambia ami nilitazama saa. Akatikisa kichwa akanionesha mzizi niliokuwa nimekaa, ule mstari wa tope bichi ulikuwa juu ya bega langu, yani maji yangefika pale kabla hayajageuka. Tangu siku hio sendi pwani bila kumuuliza mvuvi, hata kama nimeshatazama kwenye simu, simu inakupa saa ya bandarini lakini mvuvi anakupa ya pale mlipo.

Kuhusu msimu, masika (Machi mpaka Mei) usiende kabisa. Kipupwe ndo kuzuri, Juni mpaka Septemba, hewa baridi na udongo umekauka. Januari na Februari unaweza lakini jua ni kali kweli. Na mwezi wa Ramadhani uache upite, hii sio njia ya kutembea na funga.

2. Malizana na watu siku ya kabla

Ngezi ni hifadhi, kuna ofisi pale getini, kuna ada na kuna waongozaji. Nenda siku ya kabla au tuma mtu, lipa, patana na mwongozaji akukute mapema, mana ukisubiri ofisi ifunguliwe asubuhi maji ya saa 4 yatakupita. Usimpunje mwongozaji. Anajua wapi gogo limeoza tangu wiki iliopita, na msitu ule una mahala watu wana mambo yao ya mizimu, akikwambia hapa tusipite pita kwengine, hapana haja ya kuuliza mara mbili.

Mwambie mapema pia kama unataka kupitia penye mikoko, mana ni kuzunguka zaidi na yeye atapanga kwa maji.

3. Vitu vya kubeba

Maji lita 3 kwa kila mtu, usidanganyike kwamba utapata dafu njiani, utapata Makangale lakini hapo umeshamaliza sehemu ngumu. Chakula kiwe cha kukaa: chapati, mayai ya kuchemsha, tende, mkate wa kumimina, ndizi. Tende zibebe hata kama huzipendi.

Viatu ndo watu wanakosea. Mabuti mazito ya ngozi yakiingia maji hayakauki kutwa na yanakuwa kama matofali. Ndala zinabaki ndani ya tope, nimeshazika jozi mbili. Mimi navaa raba za kamba zilizochakaa ambazo hata zikilowa sijali, na nafunga kamba mara mbili, alafu nabeba soksi kavu jozi mbili. Wavuvi wengi wanavaa yeboyebo na wanatembea vizuri kuliko sisi, lakini wao miguu imezoea, kwenye jiwe la matumbawe zile zinapinda.

Simu na pesa tia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, begi la kuzuia maji likipata tundu moja tu bas. Fimbo ya urefu wa bega lako, hio ni mguu wa tatu kwenye maji. Kitambaa au kikoi kikavu, nitaeleza kwa nini. Na nguo ya heshima ya kupitia vijijini, bukta ya juu ya goti haipendezi, wanawake wachukue kanga.

4. Konde mpaka getini

Lala Konde au Wete, mana gari za kutoka Chake Chake hazitakufikisha kwa wakati. Swali alfajiri kisha anza, saa 12 kunapambazuka uwe barabarani. Boda ipo lakini mimi nasema tembea hiki kipande, miguu inapata moto taratibu na asubuhi ile ni nzuri, ukungu uko chini bondeni kwenye mpunga na vilele vya minazi vinatokeza juu yake. Msimu wa karafuu utaona majamvi ya karafuu yamesubiri jua, pita pembeni usiruke juu yake, ni jasho la mtu.

Salimia kila unaemkuta. Shikamoo bi mkubwa, assalaam alaykum, wakikuuliza wendapi waambie unapokwenda mpaka mwisho, hio ni usalama wako, ukichelewa kurudi watu watajua ulipitia wapi.

Kama unapita njia za mabondeni badala ya barabara, huku ndo vijito vya maji baridi, yasio na chumvi, vinaanza, na hapa nataka nikae kidogo.

Maji ya mabondeni na mashimo ya maji baridi huku kwetu yana historia ya kichocho. Serikali na wataalamu wamepigana nacho miaka mingi, dawa skuli na vijijini, na kimepungua sana, lakini konokono wake bado wapo. Kijidudu kinatoka kwa konokono kikaogelea na kuingia kwenye ngozi, dakika chache zinatosha, na kinatoka kwa wingi jua likishapanda, mchana. Sasa faida ya kuanza alfajiri unaiona, vijito vya maji baridi unavivuka kabla jua halijawa kali. Usisimame majini kupiga picha. Ukitoka tu jifute miguu kwa nguvu na kile kikoi kikavu, mpaka baina ya vidole, usiache yakauke yenyewe. Kujifuta hakuondoi hatari yote lakini kunasaidia. Na baada ya wiki kadhaa au miezi ukiona mkojo una damu nenda hospitali useme wazi kwamba ulivuka maji, dawa ipo na inatibu, watu wanaona haya wanakaa nao ugonjwa bure. Maji ya chumvi ya hori na mikoko hayana kichocho, kule hatari ni nyengine.

5. Namna ya kuvuka kijito

Simama kwanza utazame. Maji yakiwa safi unaona chini, vuka. Yakiwa rangi ya chai ya maziwa na yanabeba vijiti na majani, jua juu kumenyesha, kaa chini ule ndizi usubiri, vijito vyetu ni vifupi, mvua ikikatika maji yanashuka upesi.

Usipite juu ya gogo la mnazi lililolazwa kama limelowa. Najua ndo daraja lenyewe na watoto wa pale wanalipita mbio, ila lile gogo likikaa majini linafanya ukoga wa kijani, mwembamba huuoni, mpaka uuguse na kidole ndo unahisi kama sabuni. Mdogo wangu aliteleza hapo akaangukia kiwiko, hakuvunjika alhamdulillahi, lakini safari ikaishia hapo. Bora ulowe magoti.

Unapoingia fungua mikanda ya begi ya kifuani na kiunoni, ukianguka ulivue, lisikuzamishe. Elekea maji yanakotoka, fimbo mbele yako, sogeza kitu kimoja kimoja, fimbo, mguu, mguu. Usivuke ukitazama maji karibu na miguu, kichwa kinazunguka, tazama ng'ambo.

6. Ndani ya Ngezi

Ukiingia tu unahisi baridi, mivule inakwenda juu huoni mwisho, na utaona mpapindi, mnazi wa porini wenye shina la miduara ambao asili yake ni Pemba. Nenda kimya kimya, asubuhi ukiwa na bahati utaona kima punju wanakula majani juu au paa anakatisha njia. Kuna mahala msitu unakuwa kinamasi, maji yamesimama meusi na mizizi imejitokeza, hapo kanyaga mizizi kwa katikati ya mguu, usikanyage kwa kisigino.

Mikoko sasa, kama umepatana na mwongozaji kuipitia. Hapa unatakiwa ufike maji yakiwa yanatoka, kama saa 2 au 3 asubuhi. Hujui yanatoka au yanaingia? Tupa jani. Likienda baharini endelea, likienda bara geuka, na likisimama palepale una muda mdogo tu. Alafu tazama mizizi, mstari wa tope bichi unakwambia maji yalifika wapi usiku, na ujue jioni yatafika karibu na hapo hapo.

Tope la mikoko lina siri moja, karibu na mizizi ni gumu, katikati ya uwazi ndo panakula mtu. Kwa hiyo usifuate uwazi ingawa unaonekana kama njia, fuata miti. Ila mizizi usiikamate ovyo, imeota chaza na ncha zao ni wembe, na kidonda cha chaza kinachukua wiki kupona kwa sababu ya tope linaloingia. Penye michu (aina ya mkoko), ile mizizi inayochomoza juu kama penseli, tembea polepole, inatoboa soli nyembamba. Ukizama mpaka goti usivute mguu kwa nguvu, utaacha kiatu na goti litauma, egemea nyuma, tikisa mguu upate hewa na maji pembeni yake, utatoka wenyewe.

7. Vumawimbi mpaka mnarani

Baada ya msitu kuna mashamba ya mpira, miti imepangwa mistari na mashina yamechanjwa, hapa unapumzisha akili mana njia ni rahisi. Alafu ghafla kweupe. Vumawimbi. Mara zote nne nimesimama pale sikusema kitu, mchanga mweupe mpaka macho yanauma na mara nyingi hakuna mtu isipokuwa wavuvi wawili watatu.

Usikae sana. Saa 4 na nusu uwe unatembea. Tembea kwenye mchanga mbichi ulioachwa na maji, huo ni mgumu kama saruji, utakwenda mbio mara mbili kuliko wa juu. Ukikuta kijito kinakata mchanga kuingia baharini vukia kule chini kinapotawanyika, usivukie juu kilipojikusanya kwenye mfereji ingawa unaonekana mwembamba. Ukilazimika kupita majini buruza miguu, usiinue, mana samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, anajilaza mchangani na ukimkanyaga mwiba wake utakuliza, ukiburuza anasikia anaondoka.

Kuelekea rasi mchanga unakwisha linaanza jiwe la matumbawe lililoliwa na maji, kali kama msumeno. Hapa ndo pagumu kuliko kote na ndo mana tumepanga siku nzima kwa ajili yake. Uwe umelipita kabla ya saa 6 na nusu mchana. Weka mguu mzima, jaribu kabla hujaegemea, mikono iwe huru, fimbo funga kwenye begi. Maji yakikuwahi usibishane nayo kwa kusema nimebakisha kidogo, panda juu utafute njia ya mashambani, utafika tu ingawa kwa kuzunguka.

Mnarani pumzika vizuri, vua viatu, badilisha soksi, kula chakula cha kweli. Ukimkuta mlinzi muombe kwa adabu kama unaweza kupanda, umpe chochote. Juu kule unaona mkondo wa Pemba, bahari baina ya kisiwa na bara, na maji ya buluu iliokoza karibu kabisa na pwani, mana bahari upande ule inakwenda chini sana.

8. Kurudi kwa Makangale

Upande wa magharibi ni mzuri lakini saa 7 mchana maji yanarudi kwa kasi, kwa hiyo tembea pwani mpaka pale ambapo bado unaona mchanga mpana mbele yako, ukianza kuona mawimbi yanapiga majani, toka pwani, panda juu uingie njia ya kijiji. Msikitini Makangale utapata maji ya kunawa na utaswali adhuhuri na kivuli. Nunua dafu, mwambie mwenyewe alipasue upate kula nyama yake ya ndani.

Kutoka Makangale mpaka getini ni barabara tu, vilima vidogo vidogo, na ndo hapa mtu anajisikia kachoka kweli, mana mwili umeshaamini safari imekwisha. Kama kuna alieumia au goti linamsumbua mpandishe boda bila majadiliano. Hakikisha mwongozaji anajua mmetoka salama, na wale bibi wa asubuhi wakikuulizeni waambieni mmerudi.

Uwe Konde kabla ya magharibi, gari za jioni za kwenda Wete na Chake zinapungua na ya mwisho haina muda maalum, inaondoka ikijaa. Ukifika nyumbani osha viatu kwa maji baridi usiku huohuo, chumvi ikilala inakula gundi ya soli, vitie magazeti ndani uvianike kivulini, na jikague miguu kwenye mwanga, kila mkato wa chaza au jiwe usugue na sabuni mpaka utoke mchanga hata kama unauma.